Trekta Dogo la Kulimia Songea: Mambo Kumi, Tukihesabu Kutoka Kumi Hadi Moja

Mvua ya kwanza ikishuka Songea, mwishoni mwa Novemba hivi, kila mtu anataka trekta siku hiyohiyo. Wa Mletele anapiga simu, wa Lilambo anapiga simu, wa Peramiho keshafika kwa bodaboda na fedha mkononi. Mwenye trekta anaitwa "bosi" hata na wale waliompita bila salamu mwezi Agosti. Si ajabu basi kwamba kila msimu wapo wanaosema: mwakani nanunua langu.

Wazo zuri sana, ndugu yangu. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo bado inabebwa na migongo ya watu. Mgongo haubadilishwi oili. Lakini trekta dogo linaweza kukuinua, na linaweza pia kukufundisha njia za uchochoroni za kumkwepa afisa mikopo. Hivyo tuhesabu taratibu, kutoka jambo jepesi hadi lenye uzito kuliko yote. Kipimo chetu ni kimoja tu: mvua zikianza, litakuwa linalima au litakuwa limeegeshwa?

10. Trekta la kukata majani liachwe likate majani

Utaliona kwenye matangazo ya simu: dogo, safi, kiti laini, bei ya kuvutia. Muuzaji atakuambia lina nguvu za farasi 20, na anasema kweli. Ila limeumbwa kubeba mtu mmoja na panga lililo chini ya tumbo lake. Uzito wake ni kilo mia mbili hadi tatu, matairi yake yametengenezwa yasiumize nyasi, na giaboksi yake ni ya kutembea, si ya kuvuta.

Huko Marekani na Kanada, wenye nyumba hulifunga bamba la chuma mbele na kusukuma theluji iliyoziba njia ya gari. Kwa kazi hiyo linafaa, maana theluji imelala juu ya ardhi na husukumwa pembeni. Udongo wa Songea unataka kukatwa, kuinuliwa na kupinduliwa. Ukilifunga plau, giaboksi ndiyo itakayokuaga kwanza, na fedha zako zitafuata nyuma yake. Kwa uwanja wa shule au bustani ya hoteli, karibu sana. Kwa ekari za mahindi, lipishe lipite.

9. Rangi mpya haijawahi kulima hata tuta moja

Wengi wetu tunanunua trekta lililotumika, na hakuna aibu. Aibu ni kununua rangi. Trekta lililopakwa jana linang'aa, shemeji anapiga picha, watoto wanashangilia, na udongo hauna habari.

Muombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha liwashe mwenyewe injini ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha maradhi. Moshi mweusi kidogo mwanzoni si tatizo. Moshi wa bluu usiokoma unasema oili inaungua. Moshi mweupe ulioambatana na maji kupungua kwenye rejeta ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Pumzi ikitoka kwa kishindo, ringi za pistoni zimechoka.

Halafu funga plau halisi, liinue, zima injini, subiri dakika kadhaa. Plau likishuka haraka lenyewe, hydrauliki inavuja kwa ndani. Muuzaji akikuambia "hiyo ni kawaida yake," mwambie na wewe kawaida yako ni kuondoka.

8. Farasi wa kwenye karatasi na farasi wa shambani

Kila mnunuzi huuliza: lina farasi wangapi? Swali zuri, ila halijakamilika. Nguvu iliyoandikwa kwenye ubavu ni ya injini. Inayofika kwenye shafti ya PTO, ile ya kuendeshea mashine nyingine, ni pungufu, na inayofika kwenye plau ni pungufu zaidi, kwa sababu giaboksi na matairi nayo hula sehemu yake njiani.

Sisi wa Songea tuna mlaji mwingine: mwinuko. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Farasi 50 walioondoka bandarini wanafika Matogoro wakiwa kama 45. Hawajaibwa. Hewa tu imekuwa nyepesi.

Kwa plau la diski mbili, tafuta trekta la farasi 35 hadi 45. Kwa diski tatu, farasi 50 hadi 65. Ukinunua la farasi 30 na kulibebesha diski tatu kwa matumaini, matumaini hayaingii kwenye tangi la dizeli.

7. Kilo nazo zinalima

Nguvu bila uzito inazungusha tairi tu. Hili wanalijua vizuri hao wasukuma theluji: huongeza vyuma nyuma ya trekta na kufunga minyororo kwenye matairi, maana kwenye utelezi injini kubwa juu ya trekta jepesi haisaidii. Sisi hatuna theluji, ila tuna tope la Januari, na hesabu ni ileile.

Trekta la farasi 45 hadi 50 lina uzito wa kama tani moja na nusu hadi mbili. Uzito huo unaweza kuongezwa kwa vyuma vya kwenye rimu, au kwa kujaza maji ndani ya matairi ya nyuma hadi robo tatu, njia ya bei nafuu kuliko zote. Angalia meno ya tairi: yawe marefu na yenye ncha hai. Tairi jipya la nyuma lina bei ya kukufanya ukae chini, hivyo tairi lililoisha lihesabu ndani ya bei ya trekta. Hakikisha pia difu loki inashika, ile inayolazimisha matairi mawili ya nyuma kuzunguka pamoja.

Kama shamba lako liko bondeni, trekta linalovuta kwa magurudumu manne litakuokoa siku ambayo jirani atakuwa anatafuta watu wa kumsukuma.

6. Mikono mitatu ya Mzee Ferguson

Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya kubebea jembe: miwili chini, mmoja juu. Mpangilio huo ni kazi ya Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, aliyeupatia hataza mwaka 1926. Ujanja wake ni huu: udongo unapolivuta plau, mikono hiyo inageuza mvuto kuwa mgandamizo juu ya matairi ya nyuma. Kadiri kazi inavyokuwa ngumu, ndivyo trekta linavyoshika ardhi. Ndiyo sababu trekta dogo liliweza kufanya kazi ya kubwa. Kampuni yake iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na jina la Massey Ferguson likatufikia hadi Namtumbo.

Kagua mikono hiyo: pini zisicheze, matundu yasiwe yamepanuka. Kisha kagua PTO, shafti inayozunguka mara 540 kwa dakika. Hiyo ndiyo itakayoendesha mashine ya kupukuchua mahindi na pampu ya maji baada ya msimu wa kulima kwisha. Trekta linalojua kulima tu linafanya kazi miezi miwili na kula mwaka mzima.

Na tuseme hili kwa sauti: mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kwa sekunde. Kanga, kitenge au koti likinaswa, hakuna muda wa kupiga kelele. Shafti isiyo na kifuniko ni shafti isiyowashwa. Hapo hatuna mzaha.

5. Plau lipi? Waulize visiki

Mashamba mengi ya Ruvuma yamefyekwa kutoka misitu ya miombo, na miombo haihami kwa siku moja. Juu unaona shamba, chini kuna visiki na mizizi inayosubiri mgeni. Kwa shamba la namna hiyo, plau la diski ni rafiki wa kweli: likikuta kisiki, diski inazunguka na kukipanda. Plau la bapa linageuza udongo vizuri zaidi, lakini likikuta kisiki linakikumbatia, na mmoja wao lazima avunjike.

Rotaveta inapendeza kwa bustani na mashamba yaliyokwisha safishwa, kwani hutoa udongo laini kwa mpito mmoja. Kwenye mizizi, visu vyake vinageuka vipande. Na mwenye kulima kwa kina kilekile kila mwaka ajue kwamba chini ya plau hujengeka tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi haipenyi na maji hayashuki. Ripa, jembe la meno linalopasua bila kupindua, ndiyo dawa, na huvutwa vizuri wakati wa kiangazi udongo ukiwa mkavu. Hapo trekta lako linapata kazi mwezi Oktoba, wakati wengine bado wanatazama mawingu.

4. Pawatila: mtoto hodari, mpe kazi ya saizi yake

Mpango wa Kilimo Kwanza ulipozinduliwa mwaka 2009, pawatila zilisambaa wilayani, na baada ya muda lawama nazo zikasambaa. Mashine haikuwa na kosa kubwa. Ilipelekwa mahali ambapo haikuitwa. Pawatila ya farasi 12 hadi 16, yenye magurudumu mawili, imezaliwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga. Ukiifunga magurudumu ya chuma kwenye majaruba ya pwani ya Ziwa Nyasa au mabonde ya Tunduru, itakufanya utabasamu. Ukiipeleka kwenye udongo mwekundu uliokauka, itarukaruka juu yake, nawe utarukaruka nyuma yake.

Tuweke kalamu. Rotari yenye upana wa sentimita 60, kwa mwendo wa kilomita mbili na nusu kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza na kupumzika, inamaliza ekari moja kwa karibu saa 4. Mwenye kuiendesha kwa miguu anakuwa ametembea takriban kilomita 7 kwa ekari. Plau la diski tatu, lenye mkato wa sentimita 90 na mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kwa makato hayohayo ya muda, linamaliza kama ekari 6 kwa siku ya saa 8, na dereva kakaa.

Kwa familia yenye ekari tatu, bustani ya mboga na tela la kubebea mazao sokoni, pawatila ni ununuzi wa busara. Kwa biashara ya kulimia watu ekari mia na hamsini, muonee huruma mtoto wa watu.

3. Ardhi ndiyo inayochagua, wewe ni mlipaji tu

Kabla ya kwenda kwa muuzaji, nenda shambani. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, na kazi ikaanza mwaka uliofuata Kongwa, kisha Urambo na kwa majirani zetu wa Nachingwea. Matrekta yalinunuliwa kwenye mabaki ya vita, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ulipokauka, ukagoma. Visiki vikagoma. Mafundi na vipuri havikutosha. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umekula pauni milioni 36. Kama vifaru vilishindwa na udongo ambao haukuulizwa, bajaji yenye plau itapita wapi?

Na mteremko usisahauliwe. Wamatengo wa Mbinga wamelima milima kwa ngoro kwa vizazi na vizazi: nyasi zinapangwa kwa miraba, udongo unachimbwa katikati na kuzifunika, na mashimo yanayobaki yanashika maji na kuzuia mmomonyoko. Hiyo ni elimu iliyokomaa, na trekta halina la kuiongezea huko juu. Libaki kwenye tambarare za Songea, Namtumbo na Madaba.

Hata kwenye tambarare, trekta hupinduka. Sweden ililazimisha matrekta mapya yawe na fremu ya kumkinga dereva mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikashuka sana. Nunua lenye fremu hiyo. Na mnaong'oa visiki kwa mnyororo, fungeni chini kwenye ndoano ya kuvutia, kamwe si juu ya ekseli. Ukifunga juu, pua ya trekta inanyanyuka na kumrudia dereva.

2. Daftari lilime kwanza

Hapa ndipo ndoto hukaa mezani na kalamu. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za mtaani kwako. Tuseme unalimia watu kwa shilingi 60,000 kwa ekari. Dizeli lita 9 kwa shilingi 3,000 ni 27,000. Dereva 5,000. Oili, filta, diski na akiba ya matengenezo 8,000. Inabaki 20,000.

Sasa siku. Kutoka mvua za kwanza hadi mapema Januari, ukitoa siku za mvua kubwa na siku za kuharibikiwa, chukua siku 30 za kazi. Ekari 6 kwa siku ni ekari 180, yaani shilingi milioni 3.6 kwa msimu. Kama trekta na plau vimekugharimu milioni 25, unahitaji misimu 7 kurudisha mtaji, bila riba. Riba haijui kiangazi.

Usikate tamaa, maana daftari halijafungwa. Kuanzia Mei mahindi yanavunwa, na trekta lenye tela na mashine ya kupukuchua linapata msimu wa pili: kupukuchua kijijini, kusomba magunia, kuyafikisha kwenye maghala ya hifadhi ya chakula ya NFRA Ruhuwiko. Hapo misimu 7 inaweza kuwa 4. Ukikopa, iwe kwa SACCOS au kwa Benki ya Maendeleo ya Kilimo, omba marejesho yafuate mavuno. Marejesho ya Februari, wakati mahindi yapo shambani na mfuko upo mtupu, yamewauzisha wengi matrekta yao. Na mkiwa watano wenye kuaminiana, nunueni kwa pamoja, mkubaliane kwa maandishi nani analimiwa kwanza. Urafiki ni mzuri. Urafiki wenye sahihi ni mzuri zaidi.

1. Fundi na kipuri, kisha ndipo trekta

Hili linayashinda yote tisa. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900. Kipuri kikikosekana mjini tarehe 10 Desemba, siku zinazopotea kukisubiri ni zile hasa ulizonunulia trekta. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hayasikilizi maelezo.

Nchi yetu ina somo lililo wazi. Matrekta ya Ursus kutoka Poland yaliunganishwa Kibaha chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, na mwaka 2021 kampuni mama huko Poland ikatangazwa kufilisika. Mwenye trekta anabaki na mashine yake, na swali la kipuri linabaki naye. Upande wa pili, Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, inaendelea kulima kwa sababu injini yake ya Perkins ya silinda tatu inafahamika kwa mafundi wengi, na vipuri vyake vinatengenezwa hadi leo na viwanda vingi. New Holland na Farmtrac zilizoletwa na SUMA JKT kutoka India nazo zimeacha mafundi wanaozijua. Vitrekta vya Kijapani vilivyotumika, vya Yanmar, Kubota na Iseki, ni imara na hunywa dizeli kidogo, lakini vingi vilitengenezwa kwa soko la kwao tu. Kabla ya kulipa, hakikisha namba ya modeli ina vipuri.

Jaribio ni rahisi. Andika vitu vitano: filta ya oili, diski ya klachi, pampu ya maji, mkanda wa feni, sili za hydrauliki. Zunguka maduka ya vipuri ya Songea ukiwa na jina la modeli. Ukipata vinne, endelea. Ukipata kimoja na ahadi nyingi, ahadi haifungwi kwa bolti. Kisha mtafute fundi, awe wa gereji ya mtaani au aliyesomea VETA, umuulize amefungua mashine ngapi za aina hiyo. Mlipe aende nawe kukagua, na kama mnakwenda Nane Nane Mbeya, uwanja wa John Mwakangale, mlipie nauli. Ni fedha ndogo kuliko zote utakazotumia. Dereva naye afundishwe kupima oili na maji kila asubuhi kabla ya chai, na kusafisha filta ya hewa kila jioni wakati wa vumbi.

Hukumu yetu

Kwa mkulima wa kawaida wa tambarare za Songea anayetaka kulima lake na la jirani, chukua trekta la farasi 45 hadi 60, la aina ambayo fundi wa mjini anaifahamu, lenye hydrauliki nzima, fremu ya kinga na plau la diski, hata kama rangi yake imechoka. Linunue kati ya Julai na Septemba, baada ya mauzo ya mahindi, lifanyiwe sevisi Oktoba, lijaribiwe shambani kabla ya Novemba 15. Na asiyemudu asijilazimishe: akodi kwa mwenzake, alipe mapema, ajiwekee akiba. Trekta la kukodi linalofika kwa wakati lina faida kuliko la kwako lililolala gereji.